Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwao ni wapi?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Usiku wa tarehe 7 Agosti 2025, katika mji wa Montreal nchini Kanada, msemo huo ulionekana kwa macho. Binti wa miaka 18, Victoria Mboko, ambaye alikuwa wa 85 katika orodha ya ubora ya wachezaji wa kike wa tenisi duniani, alimshinda Naomi Osaka wa Japani katika fainali ya mashindano makubwa ya Kanada. Alipoteza seti ya kwanza 2-6, akachukua ya pili 6-4, akamaliza ya tatu 6-1. Uwanja mzima ulisimama kumshangilia mtoto wa nyumbani.

Lakini Mboko si jina la Montreal. Wazazi wake ni Wakongo walioihama nchi yao mwaka 1999 kwa sababu ya misukosuko ya kisiasa. Yeye mwenyewe alizaliwa mwaka 2006 katika mji wa Charlotte nchini Marekani, akapelekwa Kanada angali mtoto mchanga, akakulia huko katika jimbo la Ontario. Kwa hesabu za watu wa kwetu, mtoto wa namna hiyo huulizwa kwao ni wapi mara tatu kabla hajajibu mara moja. Kanada haikumuuliza. Ilimpa raketi, ikampa makocha, na siku ilipofika ikampa kadi ya mwaliko.

Ndugu msomaji, najua kwamba wengi wetu hatufuatilii tenisi. Sokoni Kobero na Mugina watu hubishana juu ya mpira wa miguu tangu asubuhi hadi jioni, na tenisi huonekana kuwa mchezo wa wenye magari. Mimi mwenyewe ni mwalimu wa shule ya msingi, sijawahi kumiliki raketi. Hata hivyo naomba unisikilize leo, kwa sababu yaliyotokea Montreal yanatuhusu sisi tuliorudi kutoka ukimbizini kuliko mechi nyingi za mpira tunazogombania.

Kwanza tuelewane juu ya ukubwa wa kilichotokea. Mashindano yale yalikuwa na wachezaji 96. Kila anayeshindwa anafungasha mizigo siku hiyo hiyo, hakuna nafasi ya pili. Wachezaji 32 bora hupangwa mbalimbali ili wasikutane mapema, na hata raundi ya kwanza hawachezi, wanaanzia ya pili wakiwa hawajachoka. Mtu wa nafasi ya 85 hana upendeleo huo. Huanzia chini kabisa, na akiendelea kushinda hujikuta uso kwa uso na wakubwa mmoja baada ya mwingine.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Mboko. Katika raundi ya kwanza alimtoa Kimberly Birrell wa Australia. Katika ya pili akakutana na Sofia Kenin wa Marekani, bingwa wa Australia wa mwaka 2020, akamtoa kwa seti mbili bila jibu. Katika ya tatu, Marie Bouzková wa Jamhuri ya Cheki alimfunga 1-6 katika seti ya kwanza, watu wakadhani safari imekwisha. Binti akageuza, 6-3 na 6-0.

Katika raundi ya nne alisimama mbele yake Coco Gauff wa Marekani, wa pili kwa ubora duniani, ambaye miezi miwili tu kabla ya hapo alikuwa amechukua ubingwa wa Ufaransa. Huyo ndiye aliyekuwa amepangwa nafasi ya kwanza katika mashindano yale, maana Aryna Sabalenka, mwenye namba moja duniani, hakwenda. Mboko alimaliza kazi 6-1, 6-4, kwa muda wa saa moja hivi. Katika robo fainali akamshinda Jessica Bouzas Maneiro wa Hispania.

Nusu fainali ndiyo iliyowatoa watu jasho. Elena Rybakina, anayeichezea Kazakhstan na ambaye alikuwa bingwa wa Wimbledon mwaka 2022, alichukua seti ya kwanza 6-1. Mboko akapata ya pili 7-5. Katika ya tatu aliteleza, akaangukia mkono na kuumia kifundo. Rybakina alifika mahali ambapo pointi moja tu ingetosha kummaliza. Hakuipata. Mboko aliiokoa, akashinda seti hiyo 7-6. Kuteleza si kuanguka, ndivyo tulivyofundishwa, lakini ni mara chache mtu huliona neno hilo likitimia katika televisheni.

Kisha fainali na Osaka, mwenye mataji manne makubwa, mawili ya Marekani na mawili ya Australia. Ukihesabu vizuri, binti huyu aliwashinda mabingwa wanne wa mashindano makubwa kabisa ya tenisi katika safari moja: Kenin, Gauff, Rybakina na Osaka. Wala hakuwa peke yake aliyewashangaza wakubwa wiki hiyo, kwani Iga Świątek wa Poland, aliyekuwa ametoka kuchukua Wimbledon mwezi Julai, alitolewa na Clara Tauson wa Denmaki katika raundi ya nne. Lakini Tauson alisimamishwa na Osaka, na Osaka akasimamishwa na Mboko.

Magazeti mengi yaliita muujiza. Mimi nikiwa mwalimu sipendi neno hilo likitumiwa ovyo, kwa sababu linafunika kazi. Mwanafunzi akipata alama nzuri tukasema muujiza, tunamnyima haki ya usiku aliokesha.

Tuangalie mwaka wake ulivyoanza. Mwezi Januari 2025 Mboko alikuwa nje ya nafasi ya 300. Hakwenda kwenye mashindano yanayoonyeshwa duniani, alikwenda kwenye yale madogo, katika visiwa vya Martinique na Guadeloupe na kwingineko, ambako watazamaji ni wachache na zawadi ni ndogo. Huko alishinda zaidi ya mechi 20 mfululizo. Mwezi Mei alikutana na huyo huyo Gauff mjini Roma. Alichukua seti ya kwanza, akapoteza mbili zilizofuata. Mwezi Julai alikutana na huyo huyo Rybakina mjini Washington, akafungwa. Kwa hiyo Montreal wakubwa wale hawakuwa wageni kwake. Alikuwa amekwisha kuonja mipira yao, akarudi nyumbani akaitafakari. Aliyeshangaa ni yule aliyekuwa hajui kwamba mtihani huo binti aliwahi kuufanya na kuushindwa.

Na kabla ya Montreal kuna kisa cha Wimbledon. Mwishoni mwa Juni 2025 aliingia katika mechi za mchujo, zile wanazocheza watu ambao nafasi zao haziwaruhusu kuingia moja kwa moja. Alishindwa katika mechi ya mwisho ya mchujo. Kwa kawaida hapo ndipo mtu anapoaga. Lakini sheria ya tenisi inasema kwamba mchezaji aliyeandikishwa akijitoa dakika za mwisho, nafasi yake hupewa mmoja wa wale walioshindwa katika mchujo. Huitwa mshindwa mwenye bahati. Mboko hakuwa amepanda ndege. Nafasi ilipopatikana aliichukua, akashinda mechi yake ya kwanza ndani ya Wimbledon, akatolewa katika ya pili.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa maana hoja yangu iko hapo.

Tenisi ni mchezo wa matabaka. Wakubwa wanalindwa, wanalipwa zaidi, wanapangiwa viwanja vizuri. Hata hivyo mchezo huo umeacha milango wazi kwa asiye na cheo, na kila mlango una sheria iliyoandikwa. Wa kwanza ni orodha ya ubora: ukishinda huku chini, pointi zako zinakupandisha, hakuna afisa wa kumwomba. Wa pili ni mchujo: huna nafasi, basi njoo siku chache mapema ushindane, ukifaulu unaingia. Wa tatu ni ule wa mshindwa mwenye bahati. Na wa nne ni kadi ya mwaliko: wenye mashindano huweka kando nafasi chache za kumpa yule wanayemwamini, hata kama karatasi zake bado hazijatosha. Mara nyingi humpa kijana wa nyumbani.

Montreal, Mboko aliingia kwa kadi ya mwaliko. Bila mlango huo na milango mingine aliyopitia mwaka ule, kipaji kingekuwepo vile vile, mkono ungekuwa ule ule, na hakuna mtu ambaye angejua. Maajabu tunayoyapenda katika michezo, ya mdogo kumwangusha mkubwa, hayaanzi uwanjani. Huanzia mlangoni, kwa mtu aliyeandika sheria inayomruhusu mdogo aingie.

Sasa niruhusu nizungumze habari zangu, nisije nikaonekana ninahubiri ya mbali.

Mimi nilizaliwa Ulyankulu, mkoa wa Tabora, katika makazi ya Warundi waliokimbia mwaka 1972. Nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, nikapata cheti cha ualimu huko huko Tanzania. Tulirudi mwaka 2009, pamoja na maelfu waliochagua kurudi wakati ule. Mama alilia kwa furaha tulipovuka mpaka. Mimi nililia miezi mitatu baadaye, katika ofisi moja, nilipoambiwa kwamba cheti changu si cheti mpaka kitakapolinganishwa na vyeti vya hapa. Niliuliza kazi hiyo itachukua muda gani. Yule bwana aliniambia nipite wiki ijayo. Nilipita wiki ijayo kwa muda wa mwaka mmoja na nusu.

Sikuwa mjinga, wala sikuwa bora kuliko wengine. Nilikuwa mwalimu ambaye Kirundi chake kilikuwa na lafudhi ya Tabora na Kifaransa chake kilikuwa maneno ishirini. Mtaani watoto walituita Watanzania. Kule tulikotoka tulikuwa tukiitwa Warundi. Ndiyo maana nauliza, mcheza kwao hutunzwa, lakini kwao ni wapi?

Aliyenifungulia mlango alikuwa mkurugenzi mmoja wa shule, mzee asiye na maneno mengi. Shule yake ilihitaji mtu wa kufundisha Kiswahili, somo lililokuwa limeingizwa shuleni miaka michache kabla, wakati nchi yetu ikijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Aliniambia, "Mama mwalimu, karatasi zako siwezi kuzipitisha mimi. Lakini naweza kukupa darasa moja kwa muhula mmoja. Nitakaa nyuma nisikilize. Ukishindwa tutaagana vizuri." Alikaa nyuma wiki mbili. Wiki ya tatu hakuja tena, na muhula ulipokwisha aliniandikia barua ya kupeleka kule ofisini. Hiyo ndiyo iliyosukuma faili langu.

Wakati ule sikujua jina la kitu alichonipa. Leo najua. Ilikuwa kadi ya mwaliko.

Nayaandika haya si kwa ajili yangu, mimi nimekwisha kuingia. Nayaandika kwa sababu ya msichana mmoja aliyekuja shuleni kwetu akitokea Kigoma na wazazi wake. Alikuwa na miaka 14, amesoma hadi darasa la saba kwa mtaala wa Tanzania. Kwa kuwa hakujua Kifaransa, aliwekwa na watoto wa miaka 10. Hesabu aliyopewa alikuwa ameifanya miaka minne nyuma. Alikaa kimya, magoti yakigonga meza iliyotengenezwa kwa wadogo. Baada ya mihula miwili hakuonekana tena. Nilimkuta sokoni akiuza dagaa, akaniamkia kwa heshima, "Shikamoo mwalimu," nami nikanunua dagaa nisiowahitaji kwa sababu sikuwa na neno la kumwambia.

Hakuna aliyempima mtoto yule. Walimsoma karatasi. Ni sawa na kumwambia mtu wa nafasi ya 85 kwamba asiingie uwanjani kwa kuwa orodha imekwisha kusema atashindwa. Kama Montreal ingefanya hivyo, Gauff angepita, Rybakina angepita, na nchi ya Kanada isingejua ina nini nyumbani.

Watoto kama yule ni wengi. Wapo waliorudi tangu mwaka 2017 kutoka kambi za Nyarugusu na Nduta, ambao afadhali yao walifundishwa kambini kwa mtaala wa Burundi. Wapo waliosoma kwa Kiingereza Uganda, na wapo waliosoma Kongo. Kila mmoja ana kitu anachokijua vizuri na kitu asichokijua kabisa, na shule zetu huangalia kile asichokijua tu.

Najua kuna watakaoniuliza, na swali lao ni la haki: sisi tuliobaki hapa miaka yote ya vita, sisi tuliosomea chini ya miti, mbona hatukupewa kadi ya mwaliko? Mbona anayerudi ndiye apendelewe? Swali hili linaumiza, hasa katika nchi ambayo waliorudi na waliobaki wamegombania hata shamba. Silikwepi.

Jibu langu la kwanza ni kwamba kadi ya mwaliko haimpi mtu ushindi. Inampa nafasi ya kucheza, basi. Wavu ni ule ule, mistari ni ile ile, mwamuzi ni yule yule. Wengi wanaopewa kadi hizo hutolewa raundi ya kwanza na hakuna anayelalamika. Mtoto aliyerudi akipewa nafasi ya muhula mmoja katika darasa la umri wake kisha akashindwa, atashuka, na hilo litakuwa haki. Tatizo letu ni kwamba tunamshusha kabla hajacheza.

Jibu la pili ni gumu zaidi, nalo lazima lisemwe. Kadi ya mwaliko inayo gharama. Nafasi anayopewa mmoja ingeweza kuchukuliwa na mwingine mwenye pointi zaidi. Ndiyo sababu kadi hizo huwa chache, hujulikana idadi yake, na majina hutangazwa kabla mashindano hayajaanza. Mwaliko unaotolewa gizani si mwaliko, ni magendo. Sisi watu wa mpakani tunaijua tofauti hiyo kuliko profesa yeyote.

Na jibu la tatu ni la wahenga wenyewe: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kanada haikumwalika Mboko kwa kumhurumia. Ilimhitaji. Shule yetu haikunipa darasa kwa huruma, ilikosa mwalimu wa Kiswahili. Leo watoto wa wale waliobaki ndio ninaowafundisha lugha wanayoitumia wakivuka kwenda Kabanga na Manyovu kununua mchele na sabuni. Kwa hiyo mlango ule ulioniingiza mimi uliwatoa wao.

Wafanyabiashara wenzangu wa mpakani hawana haja ya kuelezwa sana juu ya milango. Zamani mama mwenye magunia mawili alisimama forodhani mbele ya karatasi zile zile zilizotengenezwa kwa ajili ya mwenye malori kumi. Hakuweza kuzijaza, akapita porini, akanyang'anywa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaweka utaratibu rahisi: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zikiwa na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani na zikiwa katika orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa bila kutozwa ushuru wa forodha. Hicho ni kichujio cha haki. Bado kinamtaka mama aeleze alichobeba na kilikotoka, lakini hakimtaki awe tajiri kwanza ndipo aruhusiwe kufanya biashara. Palipo na utaratibu huo na ukafuatwa, mtu aliyeanza na magunia mawili huweza kufika kwenye lori. Usipofuatwa, tunarudi porini. Ninachouliza ni hiki: ikiwa gunia la maharage limepatiwa mlango, mtoto wa shule amekosa nini?

Kuna jambo jingine ambalo lilinifanya niifikirie habari hii usiku kucha. Mwezi Julai 2022, huko Wimbledon, kulikuwa na fainali ya wasichana wawili wawili wasiozidi miaka 18. Upande mmoja walikuwa Wakanada wawili, Kayla Cross na huyu huyu Victoria Mboko. Upande wa pili alikuwapo Mkenya, Angella Okutoyi, akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Alishinda nani? Okutoyi na mwenzake. Ilikuwa 3-6, 6-4, kisha 11-9 katika mchezo wa mwisho wa kuamua. Binti aliyelelewa na bibi yake mjini Nairobi akawa Mkenya wa kwanza kuchukua taji katika mashindano makubwa kabisa ya vijana.

Tangu siku ile wawili hao wamefuata njia tofauti. Mboko aliendelea na mashindano ya kulipwa akiwa na chama cha nchi tajiri nyuma yake, na kocha Nathalie Tauziat, Mfaransa aliyecheza fainali ya Wimbledon mwaka 1998. Okutoyi alikwenda kusoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Auburn nchini Marekani, na mwaka 2024 akachukua medali ya dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Si njia mbaya hata kidogo, naye bado ni kijana. Lakini mtu akitazama picha ya siku ile ya Wimbledon, wasichana wanne na wavu mmoja katikati, hawezi kusema kwamba wa Afrika Mashariki alikuwa na mkono dhaifu. Kilichotofautiana baada ya pale ni idadi ya milango, na nauli ya kuifikia. Mchezaji kutoka kwetu hulazimika kuvuka bahari kutafuta pointi ambazo mwenzake anazikuta karibu na nyumbani. Sada Nahimana, Mrundi aliyezaliwa mwaka 2001 na aliyejitosa katika tenisi ya kulipwa, angetueleza hayo vizuri zaidi.

Basi tufanye nini? Mimi si waziri, lakini mwalimu ana haki ya kutoa mapendekezo yake.

Kwanza, kila mtoto anayerudi apimwe kabla hajapangiwa darasa. Apimwe ndani ya wiki mbili, na hesabu apimwe kwa lugha anayoijua. Mtoto asiyejua Kifaransa si mtoto asiyejua hesabu. Afundishwe lugha jioni, huku akiendelea na wenzake wa umri wake asubuhi.

Pili, kila shule ya mpakani iweke kando nafasi chache za majaribio kwa muhula mmoja. Idadi ijulikane, majina yabandikwe ukutani, na anayeshindwa aambiwe wazi. Hapo hakuna atakayesema kwamba mtoto wa fulani ameingizwa kwa mlango wa nyuma.

Tatu, maombi ya kulinganisha vyeti yawe na tarehe ya kujibiwa. Jibu likiwa hapana, liwe hapana yenye sababu, ili mtu ajue asome nini tena. Tenisi ina mshindwa mwenye bahati kwa sababu mshindwa anajua saa ngapi ya kusubiri na mahali pa kusubiri. Kumwambia mtu mzima "pita wiki ijayo" mwaka mzima si kumsubirisha, ni kumzika.

Nne, na hili ni letu sisi tuliorudi: tusingojee mlango tukiwa tumelala. Mboko alikuwa bado yuko Wimbledon nafasi ilipotokea. Alikuwa amekwisha kufungwa Roma na Washington, akajifunza. Wapo kati yetu waliokaa miaka kumi wakilalamikia Kifaransa bila kuhudhuria hata somo moja. Mimi nilijifunza changu kwenye madaftari ya wanafunzi wangu, usiku, kwa taa ya mafuta. Sikuwa na raha, lakini mzee yule alipokaa nyuma ya darasa nilikuwa na la kusema.

Nisimalize kana kwamba hadithi ya Mboko ni ya sherehe tupu. Wiki chache baada ya Montreal alikwenda kwenye mashindano ya Marekani mjini New York. Alikuwa sasa miongoni mwa wale 24 bora, watu wote wanamtazama. Alitolewa raundi ya kwanza na Barbora Krejčíková wa Jamhuri ya Cheki. Walioita muujiza wakaanza kunong'ona kwamba ilikuwa bahati. Mwanzoni mwa Novemba akachukua taji jingine, Hong Kong. Ndivyo maisha ya kazi yalivyo. Mlango unakuingiza siku moja, siku zinazofuata unajitegemea.

Lakini siku ile moja mtu apewe. Msichana wa dagaa hajapewa bado. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa akiwahesabia wateja chenji za faranga za Burundi na shilingi za Tanzania kwa kichwa, bila karatasi, haraka kuliko mimi mwalimu wake. Hesabu hiyo ni ya darasa la ngapi? Nimekwenda kwa wazazi wake, wamekubali arudi muhula ujao iwapo shule itampima upya na kumweka na wenzake. Nimepeleka ombi kwa maandishi. Nangojea jibu, na nimeomba liwe na tarehe.